Mlima Ulio Nyuma ya Nyumba Zetu
Historia fupi ya Udzungwa kwa wana Kilombero walioko nyumbani na walioko mbali



Kila mwaka kijitabu hiki cha harambee hutoa hesabu za mwaka uliopita, picha za miradi, na maombi ya mwaka unaokuja. Safari hii kamati imeona vema kutenga kurasa chache kwa jambo ambalo sote tunalo, ingawa wachache wetu tumelishika mkononi, nalo ni Milima ya Udzungwa. Aliyezaliwa Mang'ula, Sanje, Mkula, Msolwa, Kisawasawa au Kiberege amelelewa akiutazama mlima huo kila asubuhi. Ameoga maji yake na amekula mpunga ulionyweshwa na mito yake. Hata hivyo, ukiwauliza wana Kilombero kumi wanaoishi Dar es Salaam ni wangapi waliowahi kupita lango la hifadhi na kufika juu ya maporomoko ya Sanje, jibu litakutia aibu kidogo. Wageni wanatoka Italia, Denmark na Uingereza kuja kuuona, na sisi tunaupita tukiwa ndani ya basi.

Tuanze na jina. Udzungwa ni nchi ya Wadzungwa, watu wa miteremko na mabonde ya juu, ndugu wa karibu wa Wahehe. Wazungu wa zamani waliandika Usungwa au Uzungwa, kila mmoja kwa sikio lake. Upande wa magharibi mlima unashuka polepole kuelekea nyanda za Iringa. Upande wetu wa mashariki unakatika kama ukuta, kutoka misitu ya baridi hadi bonde la joto lenye mto Kilombero. Huku chini waliishi Wandamba, mabingwa wa mitumbwi na uvuvi, pamoja na Wapogoro, Wambunga na Wabena. Kwa hiyo mlima ulikuwa mpaka, na ulikuwa soko pia. Watu wa juu na watu wa chini walihitajiana, maana kinachoota kwenye baridi hakioti kwenye joto, na samaki wa mtoni hapatikani kileleni.

Kwa wataalamu wa mazingira, Udzungwa ni sehemu kubwa kuliko zote katika mnyororo wa milima unaoitwa Tao la Mashariki. Mnyororo huo unaanzia milima ya Taita nchini Kenya, unapita Upare, Usambara, Nguru na Uluguru, na kuishia kwetu. Milima hii inapata unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na misitu yake imedumu kwa mamilioni ya miaka hata pale Afrika ilipokauka kwingineko. Ndiyo maana ina viumbe ambao hawapo mahali pengine popote duniani. Kilele cha juu kabisa, Luhomero, kina mita 2,576, na sehemu za chini za hifadhi zina mita 250 hivi. Ni nadra katika Afrika Mashariki kukuta msitu usiokatika kutoka joto la bondeni hadi baridi ya kileleni namna hiyo.

Mlima huu una historia ya damu pia. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wahehe chini ya Mtwa Mkwawa lilikipiga kikosi cha Wajerumani huko Lugalo, na kamanda wao Zelewski akauawa. Wajerumani walirudi na mizinga, na mwaka 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Mkwawa hakujisalimisha. Kwa karibu miaka minne alipigana vita vya kuvizia, akihama kutoka pori hadi pori, na misitu na magenge ya Udzungwa yalikuwa miongoni mwa maficho yake. Adui mwenye bunduki bora hakuwa na njia ya kumfuata haraka kwenye miteremko ile, na wanavijiji walijua kunyamaza. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, alijiua kuliko kukamatwa. Kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, kikatajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na fuvu likarudishwa Uhehe mwaka 1954. Leo liko katika makumbusho ya Kalenga. Wengi wetu tumelisoma jambo hili shuleni kama habari za Iringa. Lakini mlima uliomhifadhi ni huu huu ulio nyuma ya nyumba zetu.

Baada ya hapo ikaja Vita vya Maji Maji. Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge, ng'ambo ya bonde. Kisasi cha Wajerumani kilikuwa kuchoma vijiji na mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Nyakati kama hizo watu wa bondeni huinua macho milimani. Huko kuna matunda, mizizi, asali na mahali pa kujificha. Msitu ulikuwa ghala la akiba la maskini, na tabia hiyo ilibaki hadi enzi za wazazi wetu: dawa ya homa ya mtoto, miti ya kujengea, kuni za kupikia, uyoga wakati wa mvua, na mahali pa kutambikia mvua zinapochelewa. Wazee hawakuingia msituni ovyo. Palikuwa na miti isiyokatwa na mabwawa yasiyoogwa, na aliyevunja mwiko alijibu mbele ya ukoo wake.

Katika karne ya ishirini mambo mawili yalibadilisha sura ya nchi yetu chini ya mlima. La kwanza ni miwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianza kazi karibu na Kidatu, na watu wakaja kutoka kila pembe ya nchi kutafuta kibarua. La pili ni reli. Kati ya mwaka 1970 na 1975 Watanzania, Wazambia na Wachina walijenga Reli ya Uhuru, TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Njia yake inapita kati ya mlima na mto, ikigusa Msolwa, Mang'ula na Ifakara, kisha inafika Mlimba na kuanza kupanda milima kwa madaraja na mahandaki kuelekea Makambako. Mang'ula ilikuwa kambi kubwa ya wajenzi na karakana zao. Baadaye ikaja ile treni ya mwendo mfupi ambayo watu waliiita Kipisi, na akina mama wakapeleka ndizi, mchele na kuku kwenye vituo ambavyo havikuwa na barabara ya maana. Wazee wengi wa leo walihamia kando ya reli miaka hiyo, wengine kwa hiari na wengine kwa mpango wa vijiji.

Matokeo yake ni jambo ambalo kila mwenyeji analijua kwa miguu yake. Vijiji vyetu vimebanwa. Magharibi kuna mlima, mashariki kuna miwa na bonde la mafuriko, na katikati kuna ukanda mwembamba wenye barabara, reli, nyumba, shule, misikiti na makanisa. Wakati watu walikuwa wachache ukanda huo ulitosha, na msitu ulibeba yaliyozidi. Watu walipoongezeka, msitu ulianza kuliwa kutoka chini.

Hapo ndipo hifadhi ilipozaliwa. Misitu ya Mwanihana, Matundu na Iwonde, pamoja na mingine ya jirani, ilikuwa tayari imetengwa na serikali kama misitu ya akiba. Mwaka 1992 ikaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, makao makuu yakiwa Mang'ula. Aliyekuja kuizindua ni Mwanamfalme Bernhard wa Uholanzi, rais wa kwanza wa WWF, na maporomoko madogo karibu na lango yamepewa jina lake. Maporomoko makubwa, yale yanayoonekana kutoka barabarani kama kitambaa cheupe kilichoanikwa, yamebaki na jina la Sanje. Yanaanguka kwa ngazi kadhaa, jumla mita 170 hivi.

Kuzaliwa kwa hifadhi kulikuwa na gharama, na si uungwana kuandika historia hii bila kuitaja. Msitu uliokuwa ghala ukawa nyumba ya mwenyewe yenye mlango na askari. Kwa miaka mingi wanavijiji waliruhusiwa kuingia siku maalumu za juma kuokota kuni kavu. Ilikuwa kazi ya akina mama na wasichana, mizigo kichwani, saa nyingi. Tarehe 1 Julai 2011 ruhusa hiyo ikakoma. Sababu zilizotolewa zina uzito, kwa kuwa watu walikuwa wengi mno, kuni kavu zilikuwa zinaisha, na penye panga la kuni huingia pia panga la mti mbichi na mtego wa wanyama. Lakini chungu cha jioni hakisikilizi sababu. Familia zilizokuwa na nafasi zilipanda miti kwenye mipaka ya mashamba. Zisizo na ardhi zilinunua kuni na mkaa, au zikajifunza kupika kwa pumba za mpunga. Aliyelipia zaidi gharama ya kuuhifadhi mlima huu, ambao dunia nzima inausifu, ni mama wa Mang'ula mwenye robo eka.

Tukumbuke pia faida, maana hesabu ina pande mbili. Maji ya mabomba ya vijiji vyetu vingi yanashuka kutoka msituni. Mto Kilombero unatoa zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, na sehemu kubwa ya maji hayo inaanzia milima hii. Umeme wa Kidatu, megawati 204, na wa Kihansi, megawati 180, unatoka kwenye mito inayopasua safu hii ya milima. Mpunga wa Ifakara, miwa ya Kidatu na balbu za Kariakoo zina deni kwa msitu wa Udzungwa. Na kwa mpango wa ujirani mwema, Shirika la Hifadhi za Taifa huchangia madarasa, zahanati na miradi ya vijiji vinavyopakana na hifadhi. Swali halali la mwana Kilombero ni kama sehemu inayorudi inalingana na mzigo tulioubeba. Swali hilo huulizwa vizuri na watu wanaoujua mlima wao, na si watu wanaoutazama kwa mbali.

Sasa tufike kwenye sehemu ya historia inayotuuma na kututia fahari kwa pamoja. Mwaka 1979 watafiti wawili kutoka nje walikuwa katika msitu wa Mwanihana. Wakasikia mlio wa nyani wasiyemfahamu. Mwenyeji waliyekuwa naye hakushangaa. Akawaambia huyo ni ng'olaga. Kwa sayansi ya dunia ilikuwa habari kubwa, kima mkubwa asiyejulikana kabisa, na leo vitabu vinamwita mangabei wa Sanje. Kwa wawindaji wa Sanje alikuwa jirani tu. Miaka michache baadaye akatambuliwa ndege mdogo aina ya chozi mwenye mbawa za rangi ya kutu. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark walikuwa kambini milimani wakila kitoweo, mmoja akaona ndani ya chungu miguu ya ndege isiyofanana na ya kuku. Ndivyo kwale wa msitu wa Udzungwa alivyoingia kwenye vitabu. Mwaka 2004 kima aitwaye kipunji, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameonekana Rungwe, akaonekana katika msitu wa Ndundulu. Na mwaka 2008 akatangazwa njule mkubwa mwenye uso wa kijivu, mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga, aliyenaswa kwanza na kamera zilizotegwa njiani.

Angalieni mfululizo huo. Aliyepika kitoweo kile alijua ni ndege gani aliyemtia chunguni. Aliyesema "ng'olaga" alijua mlio, chakula na njia za mnyama huyo. Walichokosa ni kalamu na mahali pa kuandika. Heshima ya ugunduzi huenda kwa anayeandika, na hatuwalaumu watafiti kwa hilo, kwani wengi wao wameutumikia mlima huu kwa moyo. Tangu mwaka 2006 kuna kituo cha utafiti pale Mang'ula, kilichoanzishwa kwa ushirikiano wa hifadhi na makumbusho ya sayansi ya Trento nchini Italia, na vijana wa kwetu wamefanya kazi humo. Hoja yetu ni kwamba wazee wanaojua majina ya miti kwa Kindamba, Kipogoro na Kihehe wanazikwa kila mwaka, na majina yanakwenda nao. Katoto kanakosoma leo darasa la tano hapo Sanje kanaweza kukujibu simba anaishi Serengeti, lakini hakajui kwamba kwenye kilima kilicho juu ya paa la shule anaishi kima asiyepatikana popote nje ya milima hii.

Ipo na hadithi ya chura wa Kihansi, ambayo Watanzania waliicheka kabla ya kuielewa. Chura huyo mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyezidi upana wa kidole gumba kwa urefu, aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Kihansi, akiishi kwenye rasharasha za maporomoko tu. Bwawa la umeme lilipopunguza maji, rasharasha zikakauka. Vyura mia kadhaa walipelekwa Marekani kutunzwa, wa porini wakatoweka, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hawapo tena porini. Mwaka 2012 vizazi vya wale waliopelekwa ng'ambo wakaanza kurudishwa Kihansi, kwenye rasharasha za kutengenezwa kwa mabomba. Somo lake ni jepesi. Kitu kinachopotea katika milima hii hakina akiba pengine, na kukirudisha ni ghali mara nyingi kuliko kukitunza.

Kwa wanaotaka kuja kuutembelea, na tunawaomba mje, njia ni rahisi. Kutoka Dar es Salaam unapita Morogoro hadi Mikumi mjini, unaiacha barabara ya Iringa, unashika ya Kidatu, kisha Mang'ula. Treni ya TAZARA nayo inafika. Ndani ya hifadhi hakuna barabara ya gari, ni kutembea kwa miguu ukiwa na mwongozaji. Njia fupi ya maporomoko ya Bernhard inafaa hata kwa watoto na wazee. Njia ya Sanje inachukua karibu nusu siku na inataka magoti yenye afya, na ukifika juu utaona bonde zima la Kilombero limetandazwa, miwa, mpunga na mto, na paa la nyumba yenu ukijua pa kutazama. Kilele cha Mwanihana, zaidi ya mita 2,100, ni safari ya siku mbili au tatu na hema. Njoni Juni hadi Oktoba. Kuanzia Machi hadi Mei njia zinateleza na ruba ni wengi. Viingilio vya raia ni vya chini sana kuliko vya wageni. Lipeni, chukueni mwongozaji wa kijijini, nunueni ndizi barabarani, laleni Mang'ula. Sehemu ya shilingi za safari hiyo inabaki nyumbani.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Kamati haitaki usemi huo uwe wetu. Kwa hiyo sehemu ya harambee ya mwaka huu tunaielekeza kwenye mambo matatu yanayotokana na historia mliyoisoma.

Kwanza, safari za wanafunzi. Tunataka kila mtoto wa shule ya msingi katika vijiji vinavyopakana na hifadhi aingie msituni angalau mara moja kabla ya kumaliza darasa la saba, akiwa na mwalimu, mwongozaji na daftari.

Pili, kuni. Tunataka kuanzisha vitalu vya miche shuleni na kwenye vikundi vya akina mama, ili miti ya kuni iote mipakani mwa mashamba, na kusaidia kaya zisizo na ardhi kupata majiko banifu. Mlima hautahifadhiwa na bunduki peke yake huku jirani yake hana cha kupikia.

Tatu, daftari la wazee. Vijana wetu wa sekondari na vyuo watapewa vinasa sauti na karatasi, wakae na mabibi na mababu, waandike majina ya miti, ndege, mito na vilima kwa lugha zetu, miiko ya msitu, na habari za ujenzi wa reli na mwanzo wa miwa. Nakala zitakaa katika maktaba za shule zetu.

Ndugu, wapo watakaosema kwamba zahanati inavuja na madawati hayatoshi, kwa nini tuchangie mlima. Wana hoja, na fungu la zahanati na la madawati yapo palepale katika kurasa zinazofuata. Lakini zahanati ile inatumia maji ya mlima huu, na mtoto atakayekaa kwenye dawati lile anastahili kufundishwa habari za nchi yake. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Ijaze, weka alama kwenye fungu unalolipenda, na ukija likizo mwezi Desemba mpitie bibi yako, umuulize mlima ule waliuita nini kabla haujaitwa hifadhi. Andika atakachokujibu, utuletee.